Bi Mwanaidi Alijuaje?

Saa saba na dakika kumi usiku, swali liliingia barazani: "Samahani dadangu, Bi Mwanaidi alijuaje?"

Barazani ni jina la chaneli ya maongezi ya kawaida kwenye mchezo wetu wa kuigiza kwa kuandika, pale tunapowavua wahusika wetu tukabaki sisi wenyewe. Huwa hapakosi mzaha. Usiku ule hapakuwa na hata emoji moja chini ya lile swali.

Dakika chache kabla, kwenye chaneli ya ufukweni, nilikuwa nimeandika aya niliyoipenda mno. Mtepe wa Nahodha Feruzi umetia nanga, tanga lake la mkeka limekunjwa, mabaharia wanashusha mbata. Bi Mwanaidi, mhusika wangu, mjane mwenye nyumba ya wageni na ulimi usiolala, anasimama mchangani na mwavuli wake, anakitazama chombo, anasema: "Feruzi mwanangu, mbata hizi za nchi gani hata chombo kikalala hivi? Au mmempakia na ndovu?"

Chini ya mbata zile kulikuwa na pembe za ndovu, frasila 200, zinapitishwa bila kulipiwa ushuru wa forodha. Mpango huo ulikuwa umepikwa kwa wiki tatu na watu wawili, mmoja yuko Mombasa, mwingine Tanga, ndani ya uzi uliofungwa, yaani maongezi ya pembeni, ambamo wao wawili tu ndio waliokuwamo. Wiki tatu za kuandikiana usiku baada ya kazi. Mimi nikazimaliza kwa sentensi moja, tena nikaiona ya kuchekesha.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ni kuigiza kwa kuandika. Kila mtu ana mhusika wake. Unaandika anachofanya na anachosema, mwenzako anajibu kwa kuandika cha wa kwake, na hadithi inakwenda bila mtu mmoja kuwa mtunzi. Vijana wanaita roleplei. Yetu iko kwenye Discord, programu ya kuchati ambamo kila kikundi huwa na seva yake iliyogawanywa chaneli, kwa Kiswahili, katika bandari ya kubuni kati ya Tanga na Vanga, na saa ya hadithi tuliianzishia mwaka 1869. Mimi mwenyewe niliingia kwenye mambo haya Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona nikarudi nyumbani Tanga na simu yenye kioo kilichopasuka. Binamu yangu aliyeko Muscat alinitumia mwaliko wa seva moja ya Kiingereza, watu mia tano na ushei, majoka na wafalme. Juni mosi vyuo vikafunguliwa, lakini mimi nilikuwa nimeshanasa. Mwaka uliofuata nikafungua seva ya kwetu.

Mchezo mzima umesimama juu ya jambo moja: kuna ndani na kuna nje. Ndani ni anachokijua Bi Mwanaidi. Nje ni ninachokijua mimi. Ukiwa na la nje la kusema katikati ya hadithi, unaliweka kwenye mabano mawili mawili, ((ngojeni kidogo, umeme umekatika)), na hakuna mhusika anayelisikia. Ukilichukua la nje ukalipenyeza ndani, hiyo ndiyo metageming. Sisi tuliipa jina la kuchungulia, na jina hilo limetoka kwenye karata.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mcheza karata wa kila alasiri, kibarazani kwake Ngamiani. Wachezaji wanne, watazamaji kumi. Mtazamaji anayezunguka nyuma ya mabega anaziona karata za wote wanne, na wala hilo halikuwa kosa. Ndiyo raha yenyewe ya kutazama. Kosa lilikuwa kukohoa. Mtu anafikiria kama atoe turufu au aibane, wewe ukakohoa, Babu ataweka karata zake chini, akutazame bila neno mpaka uondoke mwenyewe. Nilifukuzwa namna hiyo mara mbili kabla sijafika darasa la tano. Nilidhani somo limeniingia.

Basi lile swali. Nilijibu haraka, kama anavyojibu mtu asiye na hatia: "Si ameona! Chombo kimelala majini, mzigo mzito, mwanamke wa pwani atakosaje kujua?" Nilikuwa nasema kweli kabisa, kadiri nilivyojijua. Yule wa Mombasa akanyamaza dakika nzima, kisha akaandika: "Nimesoma tena kuanzia mwanzo, dadangu. Hakuna mtu aliyeandika kwamba chombo kimelala."

Nikapanda juu na mimi nikasoma. Kweli. Walikuwa wameandika tanga, nanga, harufu ya mbata, mabaharia wakiimba. Kuhusu chombo kukaa chini majini, hata herufi. Mwenye kukilaza chombo kile nilikuwa mimi, kwa sababu nilijua kuna nini ndani yake.

Na nilijuaje? Hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho. Jumanne ya wiki ile, ndani ya daladala ya Mbagala, nilikuwa napitia seva kuona kama kuna fujo. Mimi ndiye mmiliki. Kwenye Discord mmiliki wa seva hafungiwi mlango, na yeyote aliyepewa ruhusa ya uadimini naye ni hivyo hivyo. Ufunge chaneli namna gani, kwao ni wazi. Nikaufungua uzi wao kama vile unavyoinua kifuniko cha sufuria ya jirani ukiwa unapita tu. Nikasoma mpaka mwisho kwa sababu ulikuwa mtamu. Halafu nikashuka kituoni, nikasahau kwamba nimesoma. Yaani nilisahau kusoma, nisisahau nilichosoma. Siku tatu baadaye kikanijia kama wazo langu mwenyewe, kikiwa na sura ya werevu wa Bi Mwanaidi.

Watu wengi wanaozungumzia metageming wanamzungumzia mwizi: yule anayefungua akaunti ya pili, anayemrubuni mmoja ampe skrinishoti. Wapo, na nimewafukuza wawili. Lakini wale ni rahisi. Mwizi anajijua. Aliyetuharibia zaidi katika miaka yote hii ni mtu mwenye nia njema aliyekuwa na funguo nyingi kuliko kumbukumbu yake, na mtu huyo alikuwa mimi.

Tulirudisha chombo baharini. Ndivyo tulivyosema: nilifuta aya yangu, nikaandika barazani nilichofanya, chote, pamoja na ile daladala, na mtepe wa Feruzi ukatia nanga upya kana kwamba ndiyo kwanza unafika. Walinisamehe. Ila walihamishia mipango yao inboksi kwa miezi miwili, mahali nisipoona, na sikuwa na la kuwaambia.

Nilimlilia kaka yangu mkubwa. Yeye ni mtu wa enzi za intaneti kafe, alikuwa akilipia nusu saa nusu saa, pale mjini Tanga, kuingia mIRC, programu ya kuchati kwenye mtandao wa IRC, kuchati na Wazanzibari wa Uingereza asiowajua. Akacheka. "Hayo mambo ya zamani sana hayo," akasema, akaanza kunieleza jinsi IRC ilivyokuwa, kitu kilichoanzishwa mwaka 1988 na Mfini mmoja, Jarkko Oikarinen, pale Chuo Kikuu cha Oulu. Chaneli kwa kawaida zilianza na alama ya reli (#), na wenye mamlaka walikuwa na @ mbele ya majina yao, kila mtu anaiona. Chaneli ungeweza kuitia herufi i, asiingie mtu bila kualikwa. Au k, mpaka uwe na neno la siri. Au s, isionekane kabisa kwenye orodha. Na seva nyingi, akasema, zilikuwa na amri ya /knock: umekuta mlango umefungwa, unaandika hivyo, walioko ndani wanapata taarifa kwamba fulani yuko nje anaomba kuingia.

"Hodi," nikamwambia.

"Hodi hasa. Wafini wale walikuwa Waswahili bila kujua." Sidhani kama /knock ilitungwa na Mfini, lakini kaka yangu hakatizwi.

Baadaye nilijisomea mwenyewe nikakuta maradhi yangu yana umri mkubwa zaidi. Mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Essex, Roy Trubshaw na mwenzake Richard Bartle walitengeneza MUD, mchezo wa maandishi tupu ambamo watu kadhaa waliingia ulimwengu mmoja kwa pamoja. Mchezaji aliyefika daraja la juu kabisa alikuwa mchawi, ndilo jina walilowapa, na moja ya uwezo wa mchawi ilikuwa kuchungulia skrini ya mchezaji mwingine bila yeye kuhisi. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo alikuwapo mtu anayeona yote. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mchawi naye anacheza, tena anataka mhusika wake apendwe.

Dawa ya kwanza niliyoitumia ilikuwa kali: nilijinyang'anya seva. Discord inaruhusu umiliki kukabidhiwa, nami nikamkabidhi binamu yangu wa Muscat, ambaye alikuwa ameshaacha kucheza tangu alipojifungua. Nikamwambia, dada, wewe ndiye mwenye funguo, mimi nitakuwa mpangaji. Mtu wa namna hiyo ni lazima awepo. Nimeona seva zinazosema vyumba vya siri ni vya siri hata kwa wasimamizi, na nimeona yanayoota humo: vitisho, matusi, mtu mzima anayemvuta mtoto pembeni. Discord yenyewe inapokea watoto kuanzia miaka 13. Chumba kilichofungwa bila mtu mzima anayeweza kukifungua, mimi siingii. Ila mwenye funguo asiwe na karata mkononi. Binamu akapokea, akaongeza sharti lake, kwamba nisimpigie saa za kumlaza mtoto.

Dawa ya pili ilikuwa ramani. Seva yetu ilikuwa na chaneli zimepangwa ovyo, nikaamua tuzipange kama nyumba ya zamani ya Kiamu. Nje kabisa baraza, anakaa yeyote. Kisha daka, pa mgeni aliyepiga hodi. Kisha kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kisha ndani. Mpango huo ulinipendeza mno, mpaka mchezaji mpya kutoka Dodoma alipouliza kwa heshima zote hicho kiwanda kinatengeneza nini. Watu wa Lamu wakacheka hadi leo. Tuliliacha jina, na swali lake tukaliandika juu ya chaneli.

Na hodi tukaifanya kanuni. Unataka mhusika wako aingie kwenye tukio ambalo wengine wameshalianza, unaandika barazani: hodi ufukweni. Wakisema karibu, ingia. Wakisema ngoja, ngoja. Wasipojibu, unarudia, na mara ya tatu bila jibu unageuka unakwenda zako, kama tulivyofundishwa nyumbani. Mwanzoni watu walidhani ni utani wa Da Mkubwa, ndivyo wanavyoniita. Ilishika baada ya tukio la punda.

Wachezaji wawili walikuwa wanaandika mama anayekata roho na mwanawe aliyerudi safari amechelewa. Siku nne. Aya fupi, polepole, wenyewe hawakuwa wakionana isipokuwa usiku, kwa sababu mmoja ni muuguzi wa zamu. Sisi wengine tulisoma tukashindwa hata kuweka emoji. Siku ya tano akaingia kijana mpya, ana wiki moja, amejaa nguvu. Mhusika wake anafukuza punda aliyekata kamba. Punda akapita mlangoni, akavunja mtungi, akasimama juu ya mkeka wa mgonjwa. Halafu akaandika, kwa niaba ya mama yule anayekufa: "Bibi anacheka kwa furaha."

Makosa mawili hapo, na la pili ni kubwa zaidi. Kumwandikia mhusika wa mwenzako anachohisi ni kumvua mwenzako nguo zake ukazivaa. Hilo halina mjadala. Lakini lile la kwanza, la kuingia, nilipotulia nililiona jingine. Chaneli ilikuwa wazi. Hapakuwa na alama yoyote kwamba hapa kuna msiba. Kijana alikuta mlango haukufungwa, hakuna pazia, hakuna viatu nje, angejuaje? Tukamkaripia kama mkosa adabu, akaondoka usiku uleule, wala hakurudi. Hilo linanikera zaidi ya punda. Tangu hapo mwenye tukio huandika neno moja juu ya chaneli kabla ya kuanza: wazi, au hodi, au pamefungwa. Kazi ya sekunde tano. Tungekuwa nayo siku ile, yule kijana angekuwa nasi leo. Alikuwa na vichekesho.

Halafu tukazidisha. Ndiyo desturi ya aliyeumwa na nyoka. Kila watu wawili wakawa na uzi wao, kila ukoo chaneli yake iliyofungwa. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 nilihesabu vyumba 47 vya siri kwa wachezaji 26. Mgeni akiingia anaona baraza, soko, na ufukwe usio na mtu. Mji mzima umejifungia ndani unanong'ona. Watu wakaanza kuulizana nani yuko kwenye uzi gani, na wivu ule haukuwa wa wahusika. Discord huonyesha pembeni majina ya wote wenye ruhusa ya kuiona chaneli, kwa hiyo ukiingizwa mahali unawaona walioingizwa kabla yako, unajua na wewe uliachwa muda gani. Mama mmoja wa Mombasa, mtu mzima mwenye wajukuu, aliniandikia inboksi: "Mwanangu, nimekuja kucheza nikajikuta harusini sikualikwa." Nilikosa jibu.

Vichekesho havikukosekana. Kwenye uzi wa siri, ukimtaja mtu kwa kuweka @ mbele ya jina lake, unamwingiza humo. Wachezaji watatu walikuwa wanapanga kumshtaki kwa kadhi mhusika wa mwenzetu mmoja wa Pemba, na mmoja wao akaandika, kwa msisitizo, kwamba tahadhari jamani, hili asilijue, akamtaja na @ yake. Baada ya nukta tatu za mtu anayeandika, likatokea jibu: "Hodi wenyewe. Nisijue nini?"

Mpemba yule ndiye aliyenifundisha kuliko kaka yangu na IRC yake. Alisoma mpango wote, maana ameshaingizwa, atafanyaje. Kesho yake mhusika wake akaenda zake kwa kadhi kama alivyoitwa, akiamini ameitwa kutoa ushahidi wa shamba la jirani, amevaa kanzu mpya, amebeba na zawadi ya ndizi. Alimwandika mtu asiyejua kwa ustadi ambao asiyejua kweli asingeuweza. Tulisoma tukijua anajua, yeye akijua tunajua, na yule mzee na ndizi zake hajui. Hadi sasa sijasoma kitu kizuri kuliko kile kwenye seva yetu.

Nikamwuliza aliwezaje. Akajibu kwa mkato, Wapemba hawana maneno mengi: "Nilijiuliza, kabla sijaandika, nani kamwambia? Nikikosa jina la mtu au kitu alichokiona, basi hajui."

Nani kamwambia. Nimelibandika swali hilo juu ya chaneli zote. Linakamata hata kuchungulia kusikopita mlango wowote, kama kule kwa tajiri wetu wa mikarafuu. Huyu alikuwa mwanafunzi wa historia, mchezaji hodari, na mhusika wake alikuwa na mashamba makubwa Unguja. Saa ya hadithi ilipofika mwanzo wa mwaka 1872, tajiri akaanza kuuza. Anauza shamba baada ya shamba, kwa bei ya hasara, ananunua Pemba. Walioisoma historia walianza kukohoa barazani. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyobeba zao hilo. Mashamba yake yote yangekuwa upande wa salama. Tulipomwuliza nani kamwambia tajiri wako, akasema mfanyabiashara mwenye akili hutawanya mali. Sawa, lakini miaka mitatu ya hadithi hakuitawanya.

Hapo wengi walitaka kumkomoa ndani ya mchezo: hati zake za Pemba zionekane za kughushi, majambazi wamvamie njiani. Nilikataa, na bado nashikilia msimamo huo. Kumwadhibu mhusika kwa kosa la mchezaji ni kuchungulia vilevile, ila safari hii wanaochungulia ni wengi. La nje limalizwe nje. Tulimwomba arudishe mauzo. Alinuna wiki mbili, kisha akarudisha, na dhoruba ilipofika akaandika tajiri akitembea shambani asubuhi yake, anahesabu miti iliyolala, anakosea hesabu, anaanza upya. Aya sita za kuhesabu.

Kwa sababu ya Mpemba yule, mwaka 2023 tulifanya jambo ambalo mwaka 2021 ningeliona wazimu. Tulifungua. Karibu nyuzi zote za hadithi sasa zinasomwa na kila mtu. Zilizobaki zimefungwa ni zile ambazo wenyewe wameomba, kwa sababu wanataka kuwashtukiza wenzao siku fulani, na baada ya siku hiyo nazo hufunguliwa. Kuandika ndani kunahitaji hodi. Kusoma hakuhitaji. Asiyejiamini haruhusiwi kudanganya kwamba anajiamini: anasema tu, mimi huo uzi msinionyeshe, nitaropoka, na binamu anamfungia. Wapo wanne wa namna hiyo na ninawaheshimu. Nilikuwa mmoja wao mwaka mzima.

Tuliwapoteza watu kwa uamuzi huo. Wawili walisema siri inayosomwa si siri, na kwa aina ya mchezo wanaoupenda wao, wa kukisia na kushindana, wana haki. Kule kwenye miji ya magari na polisi ya GTA, ule mchezo wa video, mtu akijua ulipojificha kwa sababu amekuona kwenye matangazo ya moja kwa moja ya mwenzako, amekuharibia kweli, wala hakuna utamu wa kusoma unaofidia. Yetu ni ya masimulizi. Sisi ni wale watazamaji kumi wa Ngamiani, kila mmoja na zamu yake ya kukaa mkekani.

Skrinishoti bado zinatusumbua. Kuna mtu alitoa kipande cha ugomvi wa wahusika wawili, mume na mke, akakisambaza kwenye grupu la WhatsApp la mtaa bila kueleza ni mchezo, na mchezaji mmoja akapigiwa simu na mama mkwe. Tulicheka baadaye sana, siku ile hapana. Kanuni sasa ni kwamba kitu hakitoki nje ya seva bila ruhusa ya wote waliokiandika, lakini kanuni haimzuii mwenye kidole na simu, kwa hiyo wachezaji wetu wengi hawatumii majina yao halisi. Nawashauri wapya wafanye hivyo tangu siku ya kwanza.

Mwezi uliopita Nahodha Feruzi alirudi. Yule kijana wa Mombasa sasa ana kazi ya meli kweli, anaandika akipata mtandao. Aliufungua uzi wake kwa wasomaji wote akiwa bado baharini, nami nikausoma sebuleni kwangu, neno kwa neno, nikijua ninausoma: pembe tena, safari hii frasila 300, chini ya magunia ya mtama. Mtepe ukatia nanga wakati wa maji makuu. Akaandika barazani, "Hodi ya ufukweni, kuna mtu?" Nikajibu karibu. Halafu akaandika, na nina hakika alikuwa anatabasamu huko aliko, kwamba chombo kimelala majini kuliko kawaida.

Nilikaa na simu robo saa. Sasa limeandikwa. Sasa ana haki ya kuona. Lakini kuona chombo kizito ni kuona chombo kizito. Nani kamwambia kuna pembe?

Bi Mwanaidi akafungua mwavuli wake. "Feruzi mwanangu," akasema, "mtama mwaka huu umekubali kwenu. Nipimie pishi mbili, na usinipunje."

Akalipa, akajitwika kikapu chake, akapanda zake kuelekea mjini.